Tusimsingizie Mungu: Kuanguka Kunazuilika

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa halmashauri ya walei na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo)



Huenda baadhi yenu mlishangaa mlipoiona mada hii katika ratiba. Katika semina za haki na amani tumezoea kuzungumzia ardhi, mirathi, rushwa na uchaguzi. Leo tunazungumzia kuanguka: kuanguka kutoka mtini, kuanguka kutoka juu ya jengo, kuteleza bafuni, kutumbukia shimoni. Mtu anaweza kuuliza, kuanguka kuna uhusiano gani na haki? Tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa uhusiano huo upo, nao ni wa karibu sana.

Katika misiba yetu kuna maneno matatu ambayo hayakosekani. La kwanza, “ajali haina kinga”. La pili, “ni ajali kazini”. La tatu, “kazi ya Mungu haina makosa”. Maneno haya hufariji, na mfiwa anastahili kufarijiwa. Lakini yanapotamkwa kabla ya mtu yeyote kuuliza lililotokea, huzika swali pamoja na marehemu. Swali lenyewe ni hili: ni kitu gani kilimwangusha ndugu yetu, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kukiondoa? Wahenga walitufundisha tusitazame tulipoangukia, bali tutazame tulipojikwaa. Mada yetu yote ni ufafanuzi wa fundisho hilo.

1. Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Miongoni mwa vifo vya majeraha yasiyo ya kukusudia, kuanguka kunashika nafasi ya pili, kukitanguliwa na ajali za barabarani peke yake. Aidha, kila mwaka watu zaidi ya milioni 37 huanguka na kuumia kiasi cha kuhitaji matibabu. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Takwimu hiyo ya mwisho inatudai tufikiri. Ardhi humvuta tajiri na maskini kwa nguvu ile ile, na mfupa wa maskini si laini kuliko wa tajiri. Tofauti iko katika yale yanayomzunguka kila mmoja: ngazi anayopandia, taa inayommulikia, mkanda unaomshika, na hospitali inayompokea. Hayo yote hutengenezwa, au huachwa kutengenezwa, na wanadamu.

Tusidharau kimo. Mtu anayeanguka kutoka mita 3, kimo cha kawaida cha dari, hufika chini kwa mwendo unaokaribia kilomita 28 kwa saa. Akianguka kutoka mita 10, hufika kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sawa na kugongwa na gari lipitalo mjini. Safari hiyo huchukua kama sekunde moja na nusu. Katika muda huo hakuna ushujaa wala uzoefu unaosaidia. Kinga yoyote ya kumwokoa inapaswa kuwepo kabla hajapanda.

2. Watu wetu wanaangukia wapi

Mitini. Katika mwambao wetu mkwezi wa minazi hupanda shina linaloweza kufikia mita 20 na zaidi, akikanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina au akijisaidia kwa kitanzi cha kamba miguuni. Huko Pemba na Unguja, mchumaji wa karafuu hupanda mkarafuu wa mita 10 hadi 15. Vikonyo vya karafuu hukaa kwenye ncha za matawi, na matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika, hivyo mchumaji hulazimika kujinyoosha mbali na shina. Karafuu sharti ichumwe kabla haijachanua, na mchumaji hulipwa kwa kipimo cha alichokichuma. Hapo tunaona jinsi haraka inavyomsukuma mtu kwenye tawi ambalo siku nyingine asingelikanyaga. Nako bara, msimu wa maembe unapofika, watoto hupanda juu baada ya shule, na baadhi yao hurudi nyumbani wakiwa wamebebwa. Embe linaweza kuangushwa kwa kingoe, ile fimbo ndefu yenye ndoano, huku mchumaji akiwa amesimama ardhini. Kwa mnazi, shina lililolowa mvua lisipandwe, na kamba ya jana ikaguliwe leo.

Kwenye majengo. Miji yetu inajengwa usiku na mchana, na kazi nyingi za hatari hufanywa na vibarua wa kutwa. Fundi na saidia fundi husimama juu ya jukwaa la mirunda lililofungwa kwa kamba na misumari, likiwa na ubao mmoja wa kukanyagia badala ya mitatu au minne, na bila kizuizi cha ubavuni. Kwenye sakafu za ghorofa kuna matundu ya ngazi na ya lifti yaliyoachwa wazi, au yaliyofunikwa kwa karatasi ya saruji ambayo humdanganya anayepita kwamba chini pana kitu. Juu ya paa kuna mabati mepesi yasiyoweza kubeba uzito wa mtu. Hatari hizi zote zina kinga zinazojulikana. Kizuizi kiwekwe kwenye kila ukingo kwa kimo cha kiuno, tundu lifunikwe kwa mbao zilizopigiliwa misumari, na jukwaa likaguliwe kila asubuhi na tena baada ya mvua. Mkanda wa usalama ufungwe kwenye kitu kisichong'oka, na kofia ngumu ivaliwe na kila mtu. Ngazi ya kuegemeza nayo ina kanuni yake: kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na kichwa chake kizidi mahali pa kushukia kwa kama mita 1, ili mtu apate pa kushika.

Nyumbani, kwa wazee. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni watu wenye umri uliopita miaka 60. Mzee haanguki kwa sababu ya uzee peke yake. Huanguka kwa sababu jicho lina mtoto wa jicho ambaye hajaondolewa, miguu imedhoofika kwa kukaa, au dawa ya shinikizo la damu au ya usingizi humletea kizunguzungu anaposimama ghafla. Huanguka kwa sababu choo kiko nje, usiku ni wa giza, njia ina utelezi, na kandambili zake zimelika. Mfupa wa nyonga ukivunjika, mzee aliyekuwa akitembea kwenda kanisani anaweza asiinuke tena. Hata yule aliyeanguka bila kuvunjika hubaki na hofu. Kwa hofu hiyo hukaa tu, kwa kukaa hudhoofika, na kwa kudhoofika huanguka tena.

Kinga za mzee si za gharama kubwa. Nguzo imara ya kushikia ikichimbiwa kando ya choo, tochi ikiwekwa mkononi pake kabla ya kulala, viatu visivyoteleza vikinunuliwa, na mkeka uliokunjika ukiondolewa njiani, hatari hupungua sana. Macho yapimwe, na dawa anazotumia zipitiwe na mganga wa zahanati. Mzee asikatazwe kutembea kwa kisingizio cha kumhurumia. Kila siku na ajizoeze kusimama kutoka kitini na kuketi tena mara kumi, na kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika meza. Mazoezi ya nguvu na mizani ni kinga iliyothibitika.

Watoto na mashimo. Mtoto mchanga huachwa juu ya kitanda kwa dakika moja tu, na dakika hiyo hutosha. Mtoto anayetambaa hupenya kwenye vizuizi vya roshani vilivyoachana mno. Mwanya usizidi sentimita 10. Vijijini kuna visima visivyo na ukuta wala kifuniko, vyoo vya zamani vilivyofunikwa kwa miti iliyoliwa na mchwa, na mashimo ya mchanga na kokoto yanayojaa maji wakati wa masika. Aliyechimba shimo akachukua mchanga wake akaenda zake, ameacha mtego katika njia ya watoto wa wenzake.

Njiani, kwa akina mama. Katika milima ya Usambara, Uluguru, Upare na kwingineko, mama hushuka mtoni na kupanda akiwa na ndoo kichwani, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni na pengine mwingine tumboni. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 za maji. Njia hiyo ikichongwa vidato na kuwekwa mawe, hatari hupungua kwa kazi ya siku mbili za msaragambo. Hatuna budi kujiuliza ni kwa nini njia ya gari hupata msaragambo mapema kuliko njia ya ndoo.

3. Mnyororo wa sababu

Tuchukue mfano wa kufikirika, ingawa wengi wenu mtauona kama habari mnazozijua. Kijana saidia fundi ameanguka kutoka ghorofa ya pili akiwa na ndoo ya zege. Kwa nini alianguka? Kwa sababu ubao ulikatika. Kwa nini ubao ulikatika? Kwa sababu ulikuwa umetumika katika majengo manne na ulikuwa na ufa. Kwa nini haukubadilishwa? Kwa sababu fundi mkuu alipewa fedha kidogo. Kwa nini alipewa kidogo? Kwa sababu mwenye jengo alipunguza bei hadi ikabaki ile isiyoweza kununua mbao mpya. Kwa nini kijana hakukataa kupanda? Kwa sababu alikuja bila kula, nyumbani ameacha mtoto, na nje ya geti walikuwapo vijana wengine ishirini wakingojea nafasi yake. Na kwa nini hakuna aliyelisimamisha jengo? Kwa sababu mkaguzi hakufika, na jirani aliyeona alisema hayamhusu.

Tukiishia kwenye ubao, tutasema ni bahati mbaya. Tukiufuata mnyororo hadi mwisho, tutaona kwamba kijana huyo aliangushwa na maamuzi ya watu wengi, kila mmoja kwa sehemu yake ndogo. Kila pete ya mnyororo huo ingeweza kukatwa na mtu mmoja aliyeamua kutimiza wajibu. Hii ndiyo sababu tunasema kuanguka kunazuilika, na hii ndiyo sababu tunasema ni suala la haki. Mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kuondoa hatari ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi. Mara nyingi, ole wetu, aliyeumia ndiye hulaumiwa kwamba hakuwa mwangalifu, nao waliokaa chini kivulini hawaulizwi.

4. Sheria inasemaje

Wajibu huu si jambo geni. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari yake, asije akabeba hatia ya damu iwapo mtu ataanguka kutoka hapo. Tuzingatie kwamba agizo hilo linamhusu mwenye nyumba, na linamtaka ajenge ukingo kabla mtu hajaanguka. Papa Yohane Paulo wa Pili naye, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alihesabu miongoni mwa haki za mfanyakazi ile ya kufanya kazi katika mazingira yasiyodhuru afya yake. Na mwezi Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya kazini katika orodha ya haki za msingi za wafanyakazi.

Hapa Tanzania Bara tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Sheria hiyo inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi na kuwalinda wafanyakazi wake, nayo inamtaka mfanyakazi ajilinde na kutumia vifaa anavyopewa. Tuna pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyouanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Mfuko huo ulianza kazi mwaka 2015. Michango ya Mfuko hulipwa na mwajiri, wala haikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Anayeumia kazini anastahili matibabu na fidia, na akifariki, wategemezi wake wana haki yao.

Sheria hizi hazimfikii asiyezijua. Kibarua ambaye jina lake halikuandikwa popote hupata shida kuthibitisha kwamba alikuwa kazini. Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kila anayeajiriwa, hata kwa siku moja, jina lake liandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Akiumia, taarifa itolewe kwa mwajiri mapema iwezekanavyo, mashahidi wakiwa bado wanakumbuka. Vyeti vya hospitali vitunzwe vyote. Familia isiweke sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ya “tumemalizana” kabla ya kuomba ushauri wa mtu anayeifahamu sheria.

5. Anapoanguka mtu

Majeraha mengi huzidishwa na wasamaria wenye haraka. Mtu aliyeanguka kutoka juu asinyanyuliwe kwa kushikwa mikono na miguu, asikalishwe, asipewe maji wala soda. Huenda uti wa mgongo umevunjika, na kumkunja kunaweza kuukata kabisa na kumfanya apooze maisha yake yote. Atulizwe pale alipo, mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeuke, na damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi. Ikibidi kumbeba, walau watu wanne wamwinue kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, wamlaze juu ya ubao au mlango uliong'olewa.

Aliyegonga kichwa aangaliwe kwa makini siku mbili hata kama anasema ni mzima. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akilalamika kichwa kuuma sana au akitikiswa na degedege, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Mzee aliyeanguka asiweze kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, huyo achukuliwe kuwa amevunjika nyonga. Asikandwe wala kunyooshwa. Mfupa uliofungwa kwa vijiti ukaguliwe mara kwa mara: vidole vikiwa baridi, vikipauka au vikifa ganzi, kamba ilegezwe upesi na mgonjwa apelekwe hospitali, la sivyo kiungo kitaoza.

Kwa aliyepooza, safari ndiyo kwanza inaanza. Ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala, kwa kuwa vidonda hivyo huua. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilianzishwa mwaka 1996, na wapo madaktari hodari wa mifupa katika hospitali nyingine kubwa, lakini wengi wa wagonjwa wetu wako mbali nazo. Mzigo wa kila siku hubebwa na mke, mama au binti aliyeachishwa shule. Jumuiya inayokwenda kumwona mgonjwa huyo kwa wiki ya kwanza, kisha ikamsahau, imefanya nusu ya kazi.

6. Tuanze wapi

Tuanze kwetu. Parokia nyingi ziko katika ujenzi, na waamini hujitolea kwa moyo. Moyo wa kujitolea hauondoi wajibu wa usalama. Kamati ya ujenzi inaponunua saruji na nondo, inunue pia mikanda, kofia na mbao mpya za jukwaa, na gharama hiyo iandikwe kwenye makisio tangu mwanzo. Hakuna mchango unaoweza kulipia mgongo wa kijana uliovunjika juu ya paa la nyumba ya Mungu.

Pili, kila jumuiya ifanye ukaguzi wa nyumba kwa nyumba, ikianza na nyumba za wazee wanaoishi peke yao. Vijana wachimbie nguzo chooni, watengeneze kizingiti, wafukie shimo lililoachwa.

Tatu, wenye nyumba na wenye mashamba walio miongoni mwetu wakubaliane bei inayotosheleza usalama. Anayepunguza bei ya kazi hadi mkanda ukakosekana ameokoa fedha yake kwa uhai wa mwenzake.

Nne, tuzungumze na serikali ya kijiji au ya mtaa juu ya visima vilivyo wazi na mashimo ya kokoto. Tukienda tukiwa na orodha ya mahali na jina la mwenye shimo, tutasikilizwa kuliko tukienda na manung'uniko.

Ndugu wapendwa, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tutaendelea kuwafariji wafiwa, nayo kazi hiyo ni njema. Lakini tusimwachie Mungu lawama ya ubao tuliouona una ufa tukanyamaza.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Katika mwaka uliopita, ni nani katika jumuiya yetu aliyeanguka na kuumia? Alijikwaa wapi, na nani angeweza kuondoa kikwazo hicho?

2. Je, tuna wazee wanaokwenda choo cha nje usiku bila taa? Nani atawatembelea wiki hii, na lini?

3. Wale wanaotufanyia kazi za ujenzi, za mashamba na za nyumbani, majina yao yameandikwa wapi? Wakiumia, tutawatendea nini?

4. Ni shimo gani moja, au njia gani moja, tunayoweza kuitengeneza wenyewe kabla ya mvua zijazo?